Shemeji ametoboa ukuta kupeleka umeme pisini, sasa nyumba imegawanyika

Jambo sana Mama Mshauri,

Ninaandika kutoka Lubumbashi, si mbali na mtaa wa Golf. Ni mama wa watoto watatu. Nyumba yetu ni ya zamani, ya matofari na kuta nene, ya tangu mji huu ukiitwa bado Élisabethville, na nyuma yake kuna pisini, bwawa la kuogelea, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa makao ya vyura. Mwaka huu mimi na mume wangu tuliifufua: tuliziba nyufa, tukapaka rangi, tukanunua pampu na chujio la mchanga. Nataka kuikodisha siku za mwisho wa juma kwa sikukuu za watoto, za kuzaliwa, ubatizo na komunyo. Mume wangu anafanya kazi Kolwezi, anarudi mwisho wa mwezi, na minerivali, ada ya shule, haimngojei.

Kazi ya umeme aliifanya shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Amesoma seksheni ya umeme, anakaa kwetu, na majirani wengi humwita taa zao zikizimika. Alitoboa ukuta wa nje nyuma ya bafu, akachukua umeme kwenye waya wa boila, akaupitisha kwenye tundu, akauteremsha ukutani na kuufukia chini ya mawe ya njia mpaka kwenye pampu. Hakuniomba hata franga moja. Pampu iliwaka, maji yakang'aa, nami nikamshukuru Mungu.

Halafu mvua zikaanza. Kila ikinyesha, difransieli, kikata-umeme cha kwenye kofre (sanduku la umeme la nyumba), inaanguka, yaani inakata, na nyumba nzima inabaki giza. Shemeji akasema imezeeka, inaanguka kwa kitu kidogo tu. Siku moja nikiwa sokoni aliiondoa, akaweka dijonkteri ya kawaida, ile inayokata umeme ukizidi tu. Tangu hapo hakuna kilichoanguka tena. Lakini Jumapili iliyofuata binti yangu mdogo alitoka majini akilia kwamba ngazi ya chuma inamuuma vidole. Shemeji akasema ni baridi ya maji. Mimi nilizima pampu, nikafunga kofre kwa kufuli, na ufunguo ninao mwenyewe.

Nilimwita mzee jirani, mstaafu aliyefanya umeme wa migodini maisha yake yote. Alichungulia tundu la ukutani, akavuta waya kidogo, akaniambia: "Mama, fukueni yote, muanze upya." Orodha ya vifaa aliyoniandikia inafika dola 380, bila kazi ya mikono. Shemeji aliposikia alikasirika sana, akaniuliza kama ninamwamini mtu wa nje kuliko damu ya mume wangu. Mama mkwe akapiga simu kutoka Likasi: huyo ni mtoto wako pia, usimwaibishe mbele ya mtaa. Mume wangu anasema, "Malizeni ninyi wawili, mimi niko mbali."

Mama, huyu shemeji ndiye aliyenikimbiza hospitali usiku, nilipokuwa na uzazi mgumu na hakuna gari lililotaka kutoka. Siwezi kusahau. Tena nimekwisha kupokea avansi, malipo ya awali, ya familia moja inayotaka kufanyia kwetu sikukuu ya mtoto wao kabla ya Noeli. Nikimkubalia shemeji, silali. Nikimkatalia, naona ninavunja ukoo. Nifanye nini?

Mama mwenye pisini, Lubumbashi

*

Mama mpendwa,

Jambo sana. Barua yako niliisoma kwanza peke yangu, nikaiona ni barua ya ukoo. Kisha niliisoma pamoja na fundi wa umeme ninayemuuliza mambo ya aina hii, na tulipofika kwenye ile ngazi ya chuma tulinyamaza wote wawili. Basi nianzie hapo. Ufunguo wa kofre uendelee kukaa kwako. Mtoto anayesema chuma kinamuuma vidole akiwa ndani ya maji huaminiwa kwanza. Mtu yeyote asiingie kwenye pisini mpaka waya wa boila unaolisha pampu uwe umefunguliwa kabisa kwenye kofre, nyaya zake zote, maana kuzima swichi peke yake hakutoshi. Hilo huhitaji kumwomba mtu ruhusa. Mengine yote tuyazungumze polepole, kwa kuwa hayana jibu moja.

Nikiirudia shida yako kwa maneno yangu: kuna waya uliopita ukutani na huna hakika nao. Kuna kijana uliye na deni kwake, deni lisilolipwa kwa franga. Kuna mume aliyejitoa kwenye neno, na mama mkwe aliyeingia. Na kuna familia inayongojea sikukuu ya mtoto wao. Wewe umeyapanga yote haya kama njia mbili, kumkubali shemeji au kumkataa. Huo mpango ndio ninaotaka tuutazame upya, kwa sababu nadhani unakuumiza kuliko waya wenyewe.

Tuanze na difransieli, maana ugomvi umezaliwa hapo. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka na umeme unaorudi, kama mama wa butiki anayehesabu kasha lake jioni. Zikikosekana miliampea 30 (miliampea ni sehemu ya elfu ya ampea) inakata, kwa sababu umeme usiorudi kwa waya umepata njia nyingine: udongo, ukuta ulioloa, au mwili wa mtu. Miliampea 30 ni kidogo mno, na kiasi hicho kiliwekwa kwa ajili ya miili yetu. Kwenye miliampea 10 hivi mkono unaweza kushindwa kuachia chuma ulichoshika. Kwenye 30 kifua kinaweza kukaza, pumzi ikashindwa, na zaidi ya hapo moyo wenyewe unaingia hatarini. Dijonkteri ya kawaida inalinda waya usiungue, basi. Ile ya ampea 16 inahitaji umeme unaopita zile miliampea 30 zaidi ya mara 500 ndipo ianguke. Mtu anaweza kufa ameshika ngazi, nayo isisogee.

Kwa hiyo "tangu hapo hakuna kilichoanguka tena" si habari njema, mama. Kilichokuwa kinavuja kinaendelea kuvuja, ila hakuna tena wa kusema.

Je, inawezekana shemeji ana haki kwamba difransieli ile imezeeka? Inawezekana. Vifaa huchoka. Lakini jambo hilo linajulikana kwa kujaribu, halihitaji mabishano. Difransieli irudishwe, au inunuliwe mpya ya miliampea 30. Fundi autoe waya kwenye pampu, ncha zake zifunikwe vizuri, ajaribu wakati udongo umeloa. Ikianguka hivyo, maji yako ndani ya waya au kwenye tundu la ukuta. Isipoanguka, atazame pampu. Ikianguka hata waya wote wa pisini ukiwa umetolewa kwenye waya wa boila, basi atafute kwingine ndani ya nyumba, na huenda shemeji alisema kweli juu ya kifaa. Kuna pia chombo cha kupima ganda la waya, kinachousukumia volti 500 na kuonyesha kama unavuja: chini ya megaomu 1, waya huo hauaminiki.

Angalia pia kwamba mzee jirani hakupima. Alichungulia, akavuta kwa vidole, akahukumu. Uzoefu wake ninauheshimu sana, na kwa hayo uliyoyaeleza fundi wangu anaelekea kukubaliana naye. Hata hivyo, ukienda kwa shemeji ukiwa na neno la mzee peke yake, utakuwa na maneno ya watu wawili, na ukoo utachagua mtu wake. Ukienda na vipimo, mazungumzo yanabadilika.

Sasa ukuta. Kutoboa ukuta wa nje si kosa, kila pampu ya pisini hupata umeme kwa njia kama hiyo. Shida iko katika namna. Tundu huteremka kidogo kuelekea nje, ili mvua isifuate mteremko na kuingia ndani. Ndani ya tundu hupita tiyo (bomba) ya plastiki, na waya hupita ndani ya tiyo, usikwaruzwe na tofari. Upande wa nje waya huning'inia chini kwanza kabla ya kupanda kuingia tunduni, ili matone yadondokee hapo, kisha mdomo wa tundu huzibwa kwa silikoni. Nyuma ya bafu kuna jambo la zaidi: mabomba ya maji yamo ndani ya ukuta huo huo, na tofari la zamani hunywa unyevu. Kama waya umepita humo bila tiyo, sishangai kwamba mvua ya kwanza ndiyo iliyouamsha.

Waya wenyewe ni wa aina gani? Ule mwembamba wa ndani ya nyumba haukutengenezwa kwa jua wala udongo, ganda lake hukauka na kupasuka. Wa nje una ganda la pili, nene na jeusi, na mafundi wa kwetu huuomba dukani kwa jina la U-1000 R2V. Ardhini hupita ndani ya tiyo nyekundu, kwenye kina cha sentimita 60 hivi, na 85 mahali gari linapopita. Juu yake, kabla ya kurudisha udongo wote, huwekwa wavu mwekundu wa plastiki, ili atakayechimba siku nyingine ajue kuna umeme kabla jembe halijaufikia. Chini ya mawe ya njia tu, jembe la mtunza bustani linatosha. Na mkinunua waya, kwangueni ncha yake kwa kisu: sokoni kuna nyaya zilizopakwa shaba juu na aluminiamu ndani, nyeupe.

Kuhusu boila: pampu iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye kofre, na difransieli yake. Hapo pampu ikipata tatizo nyumba haibaki giza, na hakuna atakayejaribiwa kuondoa kinga ili watoto wasome jioni. Naamini shemeji alishawishiwa na giza hilo hilo. Hakuwa na nia mbaya.

Jambo ambalo sikuliona kwenye barua yako ni tere, ule waya wa kwenda ardhini. Nyumba za miaka ile mara nyingi hazina tere kwenye kila prizi (soketi), na nguzo ya shaba iliyopo nje huenda imeoza. Lubumbashi tuna shida yetu zaidi: kuanzia Mei mpaka Oktoba udongo mwekundu unakauka kabisa, na tere iliyopimwa vizuri wakati wa mvua inakuwa dhaifu wakati wa kiangazi. Ikiwezekana ipimwe nyakati zote mbili. Kanuni za Kifaransa zinataka ukinzani wake usizidi omu 100, za Kibelgiji 30. Kisha ngazi, vyuma vya saruji vinavyofikika, mwili wa pampu, vyote hufungwa pamoja kwa waya wa shaba na kuunganishwa na tere hiyo, ili asiwepo mtoto anayeshika chuma chenye umeme huku maji hayana. Kile kibonyezo cha T kwenye difransieli kibonyezwe kila mwezi, ila kisikudanganye, hakipimi tere hata kidogo. Na kama mna jenereta ya kutumia SNEL, shirika la umeme, ikikata, mwulize fundi swali hili kwa sauti: jenereta ikiwaka, difransieli bado inalinda? Kwa jenereta nyingi ndogo zilivyofungwa, hailindi ipasavyo.

Nimekaa sana kwenye waya, najua. Nimefanya hivyo kwa sababu ukiyajua haya, hutahitaji kumwambia shemeji "sikuamini".

Sasa njia zilizoko mbele yako, nami nitakuambia na hofu yangu kwa kila moja.

Unaweza kumpa shemeji mwenyewe kazi ya kurudia, akiwa na vifaa vinavyofaa, halafu mtu wa tatu apime: mhandisi au fundi mwenye vyombo, asiye mzee jirani wala rafiki wa upande wowote. Njia hii inalinda heshima yake, na pengine itamfundisha kitu kitakachookoa nyumba nyingine za mtaa anazoziingia. Hatari yake ni kwamba aweza kukubali kwa mdomo, akarudia yale yale haraka ili aonyeshe alikuwa sawa. Ukiichagua, kipimo kiwe sharti la kuwasha, na msemezane hivyo mapema.

Unaweza kumwita fundi mwingine kabisa. Kazi itatoka mikononi mwa ukoo, na akikosea utamdai bila aibu. Lakini mama mkwe ataliona jambo hilo kama tusi, na wewe ndiye utakayekula naye mezani. Pia fundi wa kulipwa si lazima awe fundi mzuri. Mwulize kabla ya bei kama ana chombo cha kupima tere, na utamjua.

Kuna njia ya tatu ambayo wengi huitumia: kuwasha pampu usiku tu, na mchana watoto wakiwa majini izimwe. Wapo wanaoishi hivyo bila ajali. Mimi inanitia hofu kwa ajili ya delestaje zetu, ule mgawo wa umeme. SNEL ikikata usiku, hakuna anayekumbuka swichi imebaki wapi. Kesho yake saa tisa watoto wamo majini, umeme unarudi, na pampu inawaka yenyewe. Njia hiyo inafaa ikiwa tu waya umefunguliwa kweli kwenye kofre, na ufunguo uko kwa mtu mmoja.

Unaweza pia kuahirisha pisini mpaka baada ya Noeli. Kumbuka lakini kwamba maji yasiyochujwa, kwa joto la mwezi huu, hubadilika upesi. Yakifika mahali ambapo huoni sakafu, hata bila umeme hayafai kuingiwa na watoto, kwa sababu aliyezama haonekani.

Kuhusu dola 380, usizione kama mzigo mmoja. Kuchimba mtaro kunaweza kufanywa na vijana wa nyumbani. Vifaa vya pisini vinaweza kusogezwa. Kanuni za kimataifa za umeme hugawa eneo kwa umbali: ndani ya maji hakuna zaidi ya volti 12, ndiyo maana taa za majini hupitia transfoma. Mita 2 za kwanza kutoka ukingoni hazina nafasi ya prizi ya kawaida, na mita 1.5 zinazofuata zina masharti yake. Ikiwa pampu yako imekaa karibu mno na maji, kuisogeza kunaweza kuondoa matatizo kadhaa kwa mara moja. Lakini kuna vitu viwili ambavyo nisingependa uvipunguzie bei, tere na difransieli.

Turudi kwa shemeji. Umeniandikia kwamba alikukimbiza hospitali usiku ule, na nimeona jinsi deni hilo linavyokubana. Naomba nikuulize kwa upole: unadhani kijana aliyefanya hivyo angependa kuwa yeye ndiye ambaye mtoto wa watu alidhurika kwa mkono wake? Hasira yake naisikia kama hasira ya mtu aliyeogopa mbele ya mzee aliye mjuzi kuliko yeye. Jambo lililomuuma huenda si neno "fukueni", ni kwamba lilisemwa na jirani, naye hakuwepo. Kama ni hivyo, mlango bado uko wazi. Mzungumze ninyi wawili tu, bila mzee, bila simu ya Likasi. Unaweza kuanza hivi: "Shemeji, mimi sijui umeme, wewe unajua. Watoto wa watu watakaoingia humu watakuwa mikononi mwangu na mwako. Nataka karatasi yenye vipimo, na nataka wewe ndiwe ushike chombo." Jinsi atakavyojibu itakuambia mengi kuliko mimi ninavyoweza kukuambia nikiwa huku. Akikataa hata kupima, utakuwa umejua kitu, na hutakuwa wewe uliyemtupa.

Kwa mume wako sina hakika kama ulivyomsikia ndivyo alivyomaanisha. "Malizeni ninyi wawili" inaweza kuwa ni kuchoka kwa mtu aliye mbali, na inaweza kuwa ni kuogopa kuchagua kati ya mdogo wake na mke wake. Je, anajua juu ya ngazi? Katika barua yako sioni mahali umemwambia kwamba binti yake aliumwa vidole. Mwambie hilo peke yake, bila mashtaka juu ya mtu yeyote, ungoje aseme. Neno lake kwa mama yake litafika Likasi likiwa na uzito ambao lako halina, na hilo si kosa lako.

Na avansi: ile familia waambie mapema kuliko unavyotaka. Wape sikukuu kwenye bustani, bila maji, kwa bei ndogo, pisini ikiwa imezungushiwa uzio. Au warudishie franga yao. Wengi watakushukuru wakijua sababu, maana mtoto ni wao. Wakikasirika, angalau watakuwa na muda wa kutafuta mahali pengine kabla ya Noeli.

Mkipima, niandikie tena namba tatu: omu za tere, megaomu za waya, na kama difransieli ilianguka pampu ikiwa imetolewa. Nitazisoma na fundi wangu, na tutakujibu wewe na shemeji yako pamoja, akipenda.

Mama Mshauri